Ndoo moja ya rangi, vyumba viwili, mteja anasema nimemwibia

FundiMbagala:
Wakuu, habari za jioni. Mama mmoja kanipa kazi ya kupaka sebule na chumba cha kulala. Rangi ni kijivu, ndoo moja ya lita 20, kainunua mwenyewe na tumeifungua akiwa amesimama pale pale. Juzi nimemaliza. Jana ananipigia: sebuleni kijivu kimekuwa bluu, chumbani kimekuwa kama maziwa yaliyotiwa chai, kwa hiyo nimeuza nusu ya rangi yake nikamalizia na ya bei poa. Hela iliyobaki kaizuia. Kinachoniuma, nimeenda kuangalia na mimi naona hivyo hivyo! Miaka 11 nashika brashi. Ndoo ni moja, haki ya Mungu.

KobeMzee:
Ulikoroga? Rangi ikituama, nzito inashuka chini. Ukianza sebuleni bila kukoroga, chumbani unapaka kitu kingine kabisa.

FundiMbagala:
Nilikoroga, mzee wangu. Kila asubuhi.

MwalimuWaSanaa:
Kabla hamjafika kwa mjumbe, hebu tuambie: kwenye hivyo vyumba kuna nini kingine chenye rangi?

FundiMbagala:
Sebuleni mapazia ya chungwa hadi sakafuni, na sofa la chungwa vilevile. Chumbani kabati la bluu iliyokoza, limekula karibu ukuta mzima.

MwalimuWaSanaa:
Basi mwizi ni kabati na mapazia. Jicho halipimi rangi peke yake, linailinganisha na jirani yake. Kijivu ukikiweka kando ya chungwa kinavutwa upande wa bluu. Kiweke kando ya bluu, kinaelekea umanjano. Ndiyo maana hata wewe fundi umeona vilevile, ujuzi hausaidii hapo.

Kesi yako ni ya zamani, fundi. Mwaka 1824 mkemia Chevreul alipewa kusimamia idara ya kutia nyuzi rangi katika kiwanda cha Gobelins, Paris, wanakofuma mazulia ya kutundika ukutani. Watu wakalalamika kwamba nyuzi nyeusi zimefifia. Akachunguza, akakuta weusi hauna kasoro; tatizo ni kwamba zilifumwa kando ya bluu na zambarau. Mwaka 1839 akatoa kitabu kizima juu ya jambo hilo.

Fanya hivi: chukua kipande cha boksi, kipake rangi iliyobaki kwenye ndoo, kiache kikauke. Kibandike kwenye ukuta wa sebuleni, halafu kihamishie chumbani. Kama rangi ni ile ile, kitapotea ukutani pote pawili. Na mama awe anaangalia, usimhadithie tu.

KobeMzee:
Mimi bado nasema ukorogaji. Lakini hilo la boksi nalichukua.

FundiMbagala:
Mrejesho. Nilipaka boksi mbele yake, tukakaa nalo barazani mpaka likakauka. Sebuleni likapotea ukutani, ukiacha kingo. Chumbani likapotea tena. Mama akalitoa, akalirudisha, akalitoa, kama mara sita hivi. Mwisho akaniambia, "Boksi nimelikubali, fundi, lakini ukuta wangu bado ni wa bluu." Na kweli, hata mimi bado nauona wa bluu.

Hela kanipa yote. Jumamosi ananiita nikamfungie mapazia meupe.