Nati za tairi kabla ya safari ya Mombasa

Salma: Asalaam aleikum. Probox imetoka puncha, na kesho alfajiri twenda Mombasa. Kijana amesimama juu ya spana akairukia. Ndiyo kukaza huko?

Ami Bakari: Waaleikum salaam mwanangu. La! Nati hushika kwa kuivuta kidogo stadi, ile bolti inayovaa nati, nayo hutaka kurudi kama mpira. Ikivutwa kupita kiasi hairudi tena, mwisho hukatika.

Fundi Ali: Kipimo chake ni Nm 103 (nyutoni mita, nguvu ya kuzungusha), soketi 21. Mtu wa kilo 70 akisimama mwisho wa spana ya sentimita 40 atia kama 275. Akiongeza paipu ikawa mita moja, yakaribia 690.

Salma: Toki renchi, ile spana ya kupima nguvu ya kukaza, hatuna.

Fundi Ali: Azima kwa jirani, haina badali. Ukikosa kabisa, kwa spana hiyo ya sentimita 40 vuta kwa mkono mwisho wa mpini, uzito kama wa kilo 26. Usikanyage.

Ami Bakari: Na kwanza zifungueni zote. Uso wa hab, pale rimu inapokalia, upigwe brashi ya waya hadi chuma kionekane. Huku kwetu chumvi ya bahari haiachi kitu. Kutu ikibaki kati ya hab na rimu, nati yabana kutu. Kutu ikisagika njiani, rimu yalegea na nati haijazunguka hata kidogo.

Mama Rukia: Na oili kwenye stadi, zisishike kutu?

Fundi Ali: Usitie, dada. 103 ni ya stadi kavu. Nguvu nyingi ya spana huliwa na msuguano. Oili ikiupunguza, 103 ile ile yaivuta stadi kuliko inavyotakiwa.

Ami Bakari: Upande wa nati uliochongoka uelekee rimu. Anzeni kwa vidole, kisha mkaze kwa kukingamana, juu na chini, kushoto na kulia, kwa awamu mbili. Kaza ya mwisho tairi ikiwa chini. Mkifika Kilifi, ni kama kilomita 60 toka hapa, zipimeni tena.

Salma: Ya nyuma kushoto, nati moja yazunguka tu, haikazi.

Fundi Ali: Imekula meno. Msiondoke na nati 3. Stadi hugongwa ikatokea nyuma ya hab. Nunua mpya pamoja na nati yake. Nyingine tatu zijaribu kwa vidole: isiyoteleza mpaka mwisho, nayo itoke.