Mgonjwa wa kiharusi kwenye jumuiya: tupangeje zamu zisife baada ya wiki tatu?

KatibuJNNK ameuliza:

Tumsifu Yesu Kristo. Jumuiya yetu ina familia 14. Mama mmoja mjane amepooza upande wa kulia baada ya kiharusi. Ameruhusiwa hospitali na anauguzwa nyumbani na binti yake, ambaye amefunga genge lake la mboga. Kawaida yetu ni kwamba siku ya kwanza tunajaa mpaka viti vinaazimwa kwa jirani, halafu baada ya wiki tatu anabaki muuguzaji na ndoo zake. Safari hii nataka tuende kwa mpango: nani afanye nini, siku gani, na fedha tuzishikeje. Tunakutana Jumamosi. Mnielekeze, hata kwa ukali.

mama_wodi:

Milele Amina. Anza na mwili wa mgonjwa, maana ratiba ya watu inatokana nao.

Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, la sivyo ngozi juu ya mifupa inakosa damu na vidonda vinaanza: mwisho wa mgongo, nyonga, visigino, viwiko. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri kuona wekundu. Pitisha kiganja, ukikuta sehemu imekuwa ya moto au ngumu kuliko jirani yake, asiilalie tena, na wala usiisugue. Ule mpira wa duara wenye tundu katikati ambao watu huleta kwa nia njema uacheni. Unabana damu pembeni na kuongeza tatizo.

Kumgeuza ni kazi ya watu wawili na shuka moja. Kunja shuka mara mbili, ilale chini yake kuanzia mabegani mpaka mapajani. Kila mmoja anakunja ukingo wa upande wake mpaka ukaribie mwili, mnanyanyua kwa pamoja na kumsogeza, ndipo mnamlaza ubavu. Mto mmoja nyuma ya mgongo, mwingine katikati ya magoti. Msimburute, ngozi inachunika. Na mkono uliopooza usivutwe kamwe, hata kwa kumsaidia kukaa, kwa sababu misuli ya bega haina nguvu ya kushika kiungo na bega linateguka.

Chakula: akae wima kabisa, kidevu kimeinama kidogo, kijiko kidogo, upande wa mdomo ulio mzima. Abaki amekaa nusu saa baada ya kula. Maji matupu ndiyo yanayopalia zaidi, uji mzito kidogo unapita vizuri. Akikohoa kila akimeza, au sauti ikawa ya majimaji, simamisheni na mrudi hospitali, maana chakula kikiingia njia ya hewa kinaleta nimonia. Wageni wasimlishe chochote bila binti kujua.

Jambo la mwisho. Aliyepooza kulia mara nyingi hupoteza na maneno, lakini akili ipo. Msimpigie kelele kama kiziwi na msimsemee. Muulizeni maswali ya ndiyo au hapana, kisha mngoje.

Mzee wa Ratiba:

Hapo ndipo ratiba inapotoka. Usigawe kazi kwa familia 14, toa wazee na wenye watoto wachanga. Tuseme zinabaki 10. Ziunge mbili mbili, unapata jozi tano, kila jozi na siku yake kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Saa mbili asubuhi wanawake wawili wa jozi hiyo wanafika, wanamwogesha na kumbadilisha pamoja na binti. Mmoja anaondoka, mwingine anabaki mpaka saa sita na binti anakwenda kufungua genge. Wiki inayofuata wanabadilishana. Kwa hiyo mtu mmoja anakaa asubuhi moja kila baada ya wiki mbili, mzigo unaobebeka hata mwezi wa tatu. Anayebaki peke yake amwite jirani ageuze naye saa nne na saa sita, mkubaliane na jirani huyo mapema.

Zamu hufa kwa sababu inayojulikana: ujumbe wa "aliye na nafasi aende" kwenye kundi la WhatsApp. Kila mtu anadhani mwenzake ameitikia. Andika majina, na kila jina liwe na mbadala. Jioni ya siku iliyotangulia katibu anapiga simu moja tu: "Kesho ni wewe, uko?"

Wanaume wasijifiche nyuma ya sala ya kufungua na kufunga. Kuna maji ya kuchota, mtungi wa gesi wa kujaza, kizingiti cha mlango cha kusawazisha, na kiti cha mbao cha kukatwa tundu ili ndoo ikae chini yake. Kiti hicho kitamsaidia mama huyu kuliko katoni tatu za juisi. Vijana wapewe Jumamosi: kufua na kufuata dawa.

Pigilia msumari ukutani, ning'inizeni daftari lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi: saa, amegeukia upande gani, amekula nini, dawa imemezwa au la. Bila daftari, dawa ya presha itamezwa mara mbili siku moja na kusahaulika kesho yake. Picha za mgonjwa zisiingie kundini, hata kwa kisingizio cha kuombea.

mhazini_kanda:

Fedha. Mfuko huu usichanganywe na zaka wala michango ya ujenzi. Familia 14 zikitoa wastani wa shilingi 2,000 kwa wiki ni 28,000, kwa wiki nne 112,000. Kusanyeni kwa bahasha zilizofungwa, zisizo na majina, na msisome orodha ya waliotoa. Watu wawili wahesabu na kusaini. Binti akabidhiwe mkononi kila wiki, kidogo kidogo, siyo kitita cha mara moja kwenye hafla yenye hotuba.

Vitu navyo vipangwe, la sivyo siku moja zitaingia mikungu minne ya ndizi na wiki nzima hakuna sabuni. Swali la "ukihitaji kitu useme" halijibiki, maana mwenye shida anaona aibu. Muulize: "Kesho nilete mkaa au sabuni?" Atachagua.

Mtasikia mtu akisema mama huyo alikuwa halipi michango, asisaidiwe. Mfungulie Matendo 6:1-6. Wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuuliza nani kalipa, walitaka wachaguliwe watu saba wasimamie kazi hiyo.

Mwenyekiti_K:

Hapo kwenye michango napinga kidogo. Ukisaidia kila mtu sawa, walio waaminifu wanakata tamaa na mfuko unakauka.

mhazini_kanda:

Mfuko wa kufa na kuzikana una masharti yake na wanachama wake, huo wekeni kanuni mnavyotaka. Huu ni huduma kwa mgonjwa. Ndiyo maana nimesema mfuko huu usichanganywe na mingine, uwe na daftari lake. Ugomvi mwingi wa jumuiya unatokana na kuiweka mifuko hiyo kwenye kapu moja.

Katekista:

Upande wa sakramenti. Mpako wa Wagonjwa siyo wa dakika ya mwisho, mwiteni padre sasa, na unaweza kurudiwa hali ikizidi kuwa mbaya. Komunyo ikija, andaeni meza ndogo, kitambaa cheupe, mshumaa na maji kidogo. Mweleze padre mapema kwamba kumeza ni shida: anaweza kupewa kipande kidogo sana, na asiyeweza kabisa kumeza Hostia anaweza kukomunika kwa Damu peke yake. Kanuni ya 919 ya Sheria ya Kanisa inawaondolea wagonjwa sharti la kufunga saa moja, na inawataja pia wanaowahudumia. Binti akomunike papo hapo hata kama ametoka kunywa chai.

Jumapili mtu mmoja akae na mama wakati wa misa ya kwanza, binti aende kanisani bila haraka.

Kama mnatumia hatua saba za Lumko, yaani ule utaratibu wa kusoma Injili pamoja, zamu hizi zizungumzwe kwenye hatua ya sita, ile ya kazi. Jumuiya nyingi huiruka kwa sababu muda umekwisha, zinakimbilia sala ya mwisho. Maaskofu wa AMECEA, yaani umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipoamua mwaka 1976 kuweka mkazo kwenye jumuiya ndogondogo, hawakutaka kikundi cha rozari tu. Punguzeni matangazo, hatua ya sita ipate dakika 20.

KatibuJNNK:

Nimeelewa, nimeshaandika majina. Moja limebaki: jirani wa karibu kabisa ni Mwislamu, na ndiye anayemsaidia binti usiku. Tumwingize kwenye ratiba ya jumuiya?

Mzee wa Ratiba:

Mwende wawili nyumbani kwake, mmuulize yeye mwenyewe anaweza saa zipi. Usiku mmoja kwa wiki mumpokee ninyi ili naye alale, na namba yake ya simu iandikwe juu kabisa kwenye daftari, maana likitokea jambo saa nane za usiku yeye ndiye atakayefika kwanza.