Mjadala: Tuvifunge vibanda vya video kwa sababu ya Ip Man?

Fundi wa Kibokoni

Assalaam aleikum jamaa. Juzi kwenye mkutano wa mtaa mzee mmoja alisimama akataka vibanda vyote vinavyowaonyesha watoto filamu za kareti vifungwe. Sababu yake ni haya magenge ya vijana wenye panga yaliyotunyima usingizi, hasa upande wa Kisauni hapa Mombasa. Filamu za Ip Man, yule mwalimu wa kung fu wa China, alizitaja kwa jina, kwa kuwa ndizo vijana hawachoki kuzirudia. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga, na nataka niseme kwa nini, kisha kila mtu atoe lake.

Kazi yangu ni useremala. Mwaka jana vijana watatu walinijia na simu, wakanionyesha lile gogo ambalo Ip Man hulifanyia mazoezi: mti mmoja wima, mikono mitatu, mguu mmoja. "Ami, waweza kututengezea?" Nikawaambia naweza, lakini tutalichonga pamoja. Gogo likawa la mwembe, mikono tukatafuta mti mgumu zaidi. Ukilitazama kwa mbali utadhani ile mikono miwili ya juu imekaa sawa. Haikukaa sawa. Tundu moja liko juu kidogo ya jingine, kwa sababu yote mawili yanapenya hadi nyuma ya gogo, na yakikutana katikati mti umekwisha. Tundu la kwanza liliwachukua siku tatu za patasi. Mmoja aliingia kwa pupa akabandua ukingo, akatupa nyundo chini, akataka kwenda zake. Nikampa jiwe anoe patasi kwanza. Alinoa mpaka adhana ya Alasiri, akarudi kwenye tundu lake bila kuambiwa. Mwisho tukaacha ndimi za mikono zicheze kidogo ndani ya matundu, zisikazwe, ili mkono ukipigwa utoe sauti. Siku tulipolisimamisha, hakuna aliyeniuliza namna ya kumpiga mtu. Waliniuliza: "Yeye alifundishwa na nani?"

Hilo ndilo linalowarudisha kwenye kibanda. Ip Man alikuwa mtu kweli, mzaliwa wa Foshan kule China, 1893. Alijifunza Wing Chun, mtindo mmoja wa kung fu, tangu utotoni kwa Chan Wah-shun, akaja kuifundisha Hong Kong, na Bruce Lee alipita mikononi mwake. Alifariki 1972, na mwaka huohuo alirekodiwa kwenye filamu akifanya mazoezi kwenye gogo kama hili letu. Filamu za mwigizaji Donnie Yen na mwongozaji Wilson Yip ziko nne, 2008, 2010, 2015 na 2019, na zote zinamwonyesha mtu ambaye angeweza kupiga lakini anatafuta kila njia asipige.

Itazameni ile ya kwanza. Mgeni anabisha hodi akitaka wapimane nguvu, familia iko mezani. Anakaribishwa ale. Wakishakula ndipo milango inafungwa, wanapimana, mgeni anashindwa, na mwenye nyumba hataki habari hiyo itoke nje. Baadaye anakuja mbabe mwingine, vyombo vinavunjika, na katikati ya vurugu mtoto wa Ip Man anaingia na baiskeli yake ya magurudumu matatu kuleta ujumbe: mama amesema usipopiga, nyumba nzima itavunjwa. Yule mbabe anashika upanga. Ip Man anashika ufagio wa manyoya, ule wa kufutia vumbi, na anamshinda nao. Sasa niambieni, kijana anayetembea na panga Mtopanga kalitoa wapi funzo lake? Hapa silioni.

Na sisi wenyewe tuna kirumbizi. Zumari ikilia, wawili wanaingia uwanjani na fimbo, na fundi wa mchezo ni yule ambaye fimbo yake ingeweza kukufika akaizuia. Hakuna aliyesema kirumbizi kifungwe.

Mama wa Kisauni

Ami fundi, nimekusoma kwa heshima, na gogo lako Mungu alibariki. Lakini wewe una karakana, una jiwe la kunolea, na uko hapo mtoto anapotupa nyundo. Kwenye kibanda nani yuko?

Mwanangu ana miaka 11. Mwezi uliopita alimpiga mwenzake teke la uso, jino likatoka. Nilikwenda kwa mama wa yule mtoto nikiwa na aibu ambayo siwezi kuieleza, nikamkuta anaosha shati lenye damu. Usiku nikamuuliza mwanangu, teke hili umelijulia wapi? Akasema kwa video. Hakunitajia ufagio wala mgeni aliyepewa chakula. Aliuona mkono, adabu hakuiona.

Tena anatoka huko saa tatu usiku, chuo cha Kurani cha Magharibi kimempita. Bodi ya Uainishaji wa Filamu imeweka madaraja, hii ya miaka 16, hii ya 18, lakini mlangoni hakuna anayeuliza umri, panaulizwa shilingi 20. Mimi nasema vifungwe. Mkishapata mtu wa kukaa na watoto, fungueni.

Mwalimu, Likoni

Naongeza jambo la historia, maana wanafunzi wangu wanazichukua filamu hizi kama somo. Wajapani waliiteka Foshan kweli, 1938, lakini yule jenerali anayepigwa mbele ya umati ni wa kutungwa. Mke wa Ip Man kwenye filamu yuko naye Hong Kong mpaka anapougua. Mke wake halisi alibaki Foshan, akafia huko 1960, hawakuonana tena. Na angalieni wanaopigwa: ya kwanza Mjapani, ya pili bondia Mwingereza, ya nne mwanajeshi Mmarekani. Mtoto anaweza kutoka hapo akidhani ushujaa ni kumpata mgeni wa kumpiga. Ya tatu ina bondia Mike Tyson ndani, ila pambano la mwisho ni la Wing Chun kwa Wing Chun, mlango umefungwa, na kwangu ndiyo bora kuliko zote.

Hata hivyo, dada wa Kisauni, sidhani ni mateke yanayowashika. Kwenye ile ya kwanza iko sehemu Wachina wanapigana na Wajapani kwa kiroba cha mchele. Mwalimu mmoja wa kung fu anakubali kushindwa, anainama achukue mchele alioupata, anapigwa risasi. Ip Man anaomba apewe watu kumi, anawaangusha wote. Anapotoka anaiacha zawadi ya mchele aliyopewa, anakiokota kile kiroba kilichoingia damu. Darasani kwangu wako watoto wanaokuja bila kunywa chai asubuhi. Hao hawahitaji kuelezwa kiroba ni nini.

Mwenye kibanda, Magongo

Nimetajwa, basi niseme. Kabla ya hapa wazee walikuwa na sinema za Regal, Naaz na Majestic, tiketi na viti vya kukunja. Watoto wa Magongo wana mimi, mabenchi manane na runinga moja. Ninachotaka kukiri ni kimoja. Filamu za Ip Man ninazoonyesha, naruka maongezi. Wateja wakianza kupiga kelele "sogeza!" nasogeza, twende kwenye ngumi, kwa sababu jioni lazima ziingie filamu tatu ndipo nilipe kodi na stima. Mama, mwanao hakumwona mgeni akila kwa sababu mimi nilimruka. Sijawahi kulifikiria hivyo mpaka niliposoma ulichoandika kuhusu jino.

Fundi wa Kibokoni

Bwana wa Magongo, umenifungua macho. Mimi nilizitazama nyumbani, nzima, na mke wangu pembeni. Nilikuwa nabishana na mama kuhusu filamu ambayo mwanawe hakuionyeshwa. Ya pili ina pambano ambapo mtoto mdogo anafungua mlango, na teke la Ip Man linasimama kabla ya kumfikia. Halafu anamuuliza mwenzake lipi muhimu zaidi, kujua nani mshindi au kwenda kula na jamaa yake. Ukisogeza pale kwenye swali, unabaki na teke tu.

Mama, pole sana kwa jino lile, na sitakwambia tena kwamba halikutoka kwenye kibanda. Ombi langu limebadilika: visifungwe, ila filamu ya watoto iende nzima bila kusogezwa, imalizike kabla ya Magharibi, na mtu mzima mmoja aketi ndani. Mimi najitolea Jumamosi, Magongo si mbali kwa matatu. Wale vijana watatu watalibeba gogo walilete.

Mwenye kibanda, Magongo

Jumamosi saa tisa alasiri, ya kwanza, mwanzo mpaka mwisho. Watoto hawalipi. Wakipiga kelele nisogeze, fundi, utazijibu wewe.

Mama wa Kisauni

Mimi bado nasema siku za shule vifungwe, na hilo nitalisema tena kwenye mkutano. Jumamosi nitakuja na mwanangu, na nimemwambia yule mwenziwe aje na mamake wakipenda. Niwekeeni nafasi benchi la mbele. Nataka nimwone huyo mtoto wa baiskeli, na nataka wanangu hawa wawili wamwone wakiwa wameketi pamoja.