Ruzuku ya majanga: ije kaunti moja moja au Pwani nzima kwa pamoja?

Mwana wa Mji wa Kale: Assalaam aleikum nyote. Katiba, Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya kuzima moto na kukabili majanga, na pesa za kazi hiyo hazijawahi kutosha. Kila msimu twalilia ruzuku ya masharti, yaani pesa zilizofungiwa kazi maalumu, kutoka serikali kuu. Ikija, mie nasema isikatwe vipande sita kwa kaunti sita za Pwani. Chumba kimoja cha kupokea simu za dharura, wazamiaji wa kuajiriwa, magari yanayovuka mpaka bila kungoja barua ya gavana. Lori la mafuta likipinduka Mariakani, aliye karibu ndiye aende. Mwasemaje?

Mkaazi wa Likoni: Wazamiaji ndio umesema! Kivuko kilizama Likoni 94, tukaambiwa tumejifunza. 2019 gari likateleza kutoka kwenye feri, mama na binti yake ndani, na karibu wiki mbili zikapita kabla ya kutolewa. Tulijifunza nini?

Shemeji wa Bamburi: Ilikuwa Mtongwe, si Likoni. 29 Aprili 1994, watu 272.

Mkaazi wa Likoni: Na Mtongwe iko wapi kama si Likoni? Maiti tulizika sisi. Nimeuliza habari ya wazamiaji, wewe wanisomesha ramani.

Fundi Changamwe: Mimi sitaki fungu la pamoja. Bandari iko hapa Mombasa, matangi ya mafuta ya Shimanzi yako hapa, gati ya mafuta ya Kipevu iko hapa. Pesa ziende penye hatari. Kwale na Kilifi zina mahoteli na ardhi ya kutoza kodi, zijinunulie magari yao, zisizoee kututegemea sisi.

Kijana wa Tiwi: Kututegemea? Hebu niambie, leo asubuhi umeoga maji ya nani? Maji ya Mombasa hutoka Tiwi, Marere, Baricho na Mzima. Tiwi ni Kwale. Marere ni Kwale. Baricho ni Kilifi. Mzima ni Taita Taveta. Hilo gari lako la zimamoto utalijaza nini, mate?

Fundi Changamwe: Maji twalipia bili, kaka. Hatupewi sadaka.

Bi Majengo: Bili ya maji yepi? Kwetu mfereji watoa hewa, twanunua mtungi kwenye mkokoteni. Mtaani kwetu moto ulishika nyumba usiku, gari likaja, hilo siwezi kukataa. Likamwaga lilichobeba, likaondoka kutafuta maji mengine. Vijana wakabaki na ndoo na mchanga, na nyumba tatu zikaisha. Bomba la barabarani la kuchotea maji ya kuzimia moto lilikuwapo pale zamani; walipotia lami wakalifukia. Nyinyi mwahesabu magari. Mie nataka yafukuliwe mabomba.

Mwana wa Mji wa Kale: Bi, wasema kweli, lakini turudini kwenye nani ashike pesa. Sheria ya fedha za umma ya 2012 yaruhusu kaunti kuwa na hazina ya dharura, malipo yake kwa mwaka yasizidi asilimia 2 ya mapato ya kaunti. Tena ni ya jambo la haraka lisilotarajiwa. Mafuriko ya kila masika hayatarajiwi na nani? Kufukua mabomba ni matayarisho, na matayarisho ndiyo yanayokosa fungu. Ndiyo maana nataka ruzuku.

Kijana wa Tiwi: Nitajadili ruzuku huyu wa Changamwe akishaniomba radhi. Halafu hicho chumba kimoja cha simu kitajengwa wapi? Kinango? Lunga Lunga? Najua kitajengwa Mombasa, na sisi tutapigiwa simu siku ya kutia sahihi.

Nahodha Kisauni: Vijana, Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuwa chaja, idara ya hali ya hewa ilionya mapema, kikaenda kupiga kisiwa cha Mafia, upande wa Tanzania. Onyo lile halikuhitaji gari hata moja. Lahitaji redio ya kiswahili chepesi na mtu wa kupita bandari ndogo ndogo kabla vyombo havijashuliwa baharini. Mvuvi wa Kipini au Vanga asiye na simu nzuri atalipata vipi? Tieni hilo kwenye ruzuku kabla ya yote.

Fundi Changamwe: Radhi ya nini? Nimesema kila kaunti ijitegemee, sijamtukana mtu.

Kijana wa Tiwi: Basi nasi tujitegemee na visima vyetu! Kila tone likivuka kuja kisiwani lilipie gari la zimamoto la Matuga. Hiyo pia ni ruzuku ya masharti.

Bi Majengo: Mwanangu, ukifunga maji wa kwanza kukauka ni mie, si huyo mwenye tangi juu ya paa. Msitufanye silaha yenu.

Shemeji wa Bamburi: Lakini kisiwa kimezungukwa na bahari. Kwa nini ruzuku isinunue pampu za kuvuta maji ya chumvi, ziwekwe Mama Ngina, Tudor, Kibokoni? Hapo hatumwombi mtu.

Fundi Changamwe: Hilo naliunga mkono, na hiyo ndiyo kazi yangu. Chumvi hula chuma, lakini pampu ukiisuuza vizuri kwa maji matamu kila baada ya kazi, itadumu.

Kijana wa Tiwi: Maji matamu ya kutoka wapi?