Mrejesho: Huduma za muziki mtandaoni na sauti ya udi

Assalamu alaykum, ndugu zangu. Mwezi uliopita niliwauliza, nikiwa hapa Lamu, ni huduma ipi ya muziki mtandaoni yenye sauti safi na hazina kubwa ya taarabu, na leo narudi kuwashukuru kwa dhati.

Niliufuata ushauri wa yule aliyesema nianze na vifaa kabla ya kubadilisha huduma, kwa kuwa Bluetooth ya kawaida huubana muziki upya hata pale Apple Music inapoutoa bila kupunguza chochote. Nilinunua vipokea sauti vya masikioni vyenye waya, nikasikiliza Apple Music baada ya Isha, na kwa mara ya kwanza nikasikia nyuzi za udi zikikwaruzwa na pumzi ya mwimbaji kabla ya kuanza ubeti. Spotify ya kilobiti 320 kwa sekunde, kwa waya uo huo, ilikaribiana nayo mno, na kwa kuwa kiwango hicho hutumia takriban megabaiti 144 kwa saa, ilhali sauti kamili ya Apple Music, isiyopunguzwa chochote, hula mara kadhaa zaidi, bando langu limeniamulia.

Upande wa hazina sikufanikiwa sana. Nyimbo kadhaa za Zein l'Abdin, mwimbaji wa taarabu na mpiga udi, mzaliwa wetu wa Lamu, nilizipata, lakini zile za harusini alizozipenda marehemu mama hazimo katika huduma yoyote niliyoijaribu. Kwa hizo nimeufuata ushauri wa dada wa Malindi aliyenijibu: nimezinakili kutoka kwenye kanda hadi kwenye simu. Kanda mbili zilikuwa zimeota ukungu, nazo hazikuokoka.