Nyuzi za vasotosini katika ubongo wa mjusi: nivitupe vipande vya majike?

MwanafunziKampala:
Ndugu wataalamu, ninachora ramani ya vasotosini (homoni ya reptilia inayolingana na vasopresini ya mamalia) katika ubongo wa mjusi wa mitini mwenye kichwa cha buluu, yule ambaye dume lake hutikisa kichwa kwenye mashina ya miembe hapa Kampala. Vibali vyote ninavyo. Ubongo niliuhifadhi kwa kemikali ya paraformaldihaidi ya asilimia 4, nikauloweka katika maji ya sukari ya asilimia 30 hadi ukazama, nikaukata vipande vya maikromita 40, kisha nikatumia kingamwili (protini inayoshikamana na molekuli maalumu) iliyotengenezwa dhidi ya vasopresini ya mamalia. Rangi ya kahawia imeshika vizuri katika seli kubwa za haipothalamasi, sehemu ya chini ya ubongo inayotengeneza homoni. Kinachonitatiza ni septamu, eneo la katikati katika ubongo wa mbele: kwa madume nyuzi zimesongamana, kila uzi una vinundu kama shanga, ilhali kwa majike, ingawa niliwatia rangi siku ileile, sioni karibu chochote. Je, vipande vya majike vimeharibika?

FundiHadubini, Mbarara:
Usivitupe, tafadhali. Ikiwa seli za haipothalamasi za jike zimeshika rangi katika mjusi yuleyule, basi kingamwili imefanya kazi, na weupe wa septamu yake ni matokeo kamili. Kwa gekko (jamii ya mjusi kafiri) aina ya tokay ilikwishaonekana kwamba nyuzi za vasotosini katika septamu ya pembeni ni nyingi zaidi kwa dume kuliko kwa jike.

MwalimuWaNyuroni:
Nakubaliana naye, lakini mimi ningeanza na kingamwili yenyewe. Vasotosini ina asidi amino 9, na inatofautiana na vasopresini katika nafasi ya 3 tu. Ndiyo maana kingamwili yako inaitambua. Mesotosini nayo, ambayo reptilia wanayo pale sisi tulipo na oksitosini, inatofautiana na vasotosini katika nafasi ya 8 tu, na seli zake zimo katika haipothalamasi hiyohiyo. Kwa hiyo changanya sehemu moja ya kingamwili na vasotosini ya kutengenezwa, sehemu nyingine na mesotosini, uziache usiku kucha kwenye jokofu ili kingamwili ishikamane nazo kwanza, kisha utie rangi vipande vinavyofuatana. Rangi ikifutwa na vasotosini na ikabaki palepale mbele ya mesotosini, ramani yako itakuwa na msingi. Baadaye, ukipata uwezo, tafuta pia mRNA ya vasotosini, yaani nakala ya jeni ambayo seli huitumia kuitengeneza. Hiyo itakuthibitishia miili ya seli, ingawa kwa nyuzi za mbali utaendelea kuitegemea kingamwili. Naomba pia utuambie mijusi hao walikamatwa lini.

MwanafunziKampala:
Nashukuru sana, Mwalimu. Madume niliwakamata mwezi Aprili, wakati wa mvua, na majike mwezi Julai, kiangazi kilipokuwa kimeingia. Wote niliwatia rangi pamoja mwezi Agosti.

MwalimuWaNyuroni:
Hapo ndipo penye kasoro, na inarekebishika. Katika reptilia kadhaa wingi wa vasotosini hubadilika pamoja na homoni za uzazi, hivyo kwa sasa huwezi kutenganisha jinsia na msimu. Kamata madume na majike katika wiki moja, upime korodani na ovari za kila mmoja kabla ya kukata ubongo, na vipande ulivyo navyo uvitunze, kwa kuwa vya haipothalamasi bado vinakufaa.