Simu msikitini: bango lipo mlangoni, simu bado zinalia kwenye swala. Tufanyeje?

KatibuWaKamati

Assalaam alaykum ndugu zangu. Msikiti wetu una bango la "ZIMA SIMU" mlangoni, na kila Ijumaa muadhini hukumbusha. Pamoja na hayo simu hulia, na zinazolia si za watu wakaidi. Ni za wazee wenye vitochi (simu ndogo za vitufe) na za vijana ambao wana uhakika kwamba wameshaziweka kimya. Mara nyingine ni mngurumo kwenye spika tu, bila simu kulia. Kamati inataka kuandika maelekezo mapya ya ukurasa mmoja, kisha kurekebisha bango. Naomba msaada kwa mambo matatu:

1. Kwa nini simu iliyowekwa kimya bado hulia?
2. Simu ya mtu ikilia akiwa ndani ya swala, afanye nini bila kuiharibu swala yake?
3. Kuna pendekezo tununue kifaa cha kuzuia mtandao. Linafaa?

---

Mipangilio_TZ

Wa alaykum salaam, katibu. Nijibu la kwanza, maana ndilo mzizi wa mengine.

Simu ya kisasa haina sauti moja. Ina sauti ya mlio wa simu na ujumbe, sauti ya alamu, na sauti ya muziki na video. Ukibonyeza kitufe cha pembeni na kushusha mlio hadi mwisho, umegusa ile ya kwanza peke yake. Alamu italia kama kawaida. Video ya "status" utakayoifungua ukisubiri iqama (wito wa kusimama kuswali) nayo itapiga kelele, kwa sababu ipo kwenye sauti ya tatu. Kwenye iPhone ni hivyo hivyo: swichi ya kimya haizuii alamu ya saa wala haizuii video.

Halafu kuna hili la "hali ya ndegeni". Wengi hudhani ndiyo kuzima kabisa. Hali ya ndegeni inakata mtandao tu, alamu haikatwi.

"Usinisumbue" ni nzuri zaidi, lakini nayo ina milango miwili iliyo wazi tangu kiwandani. Mlango wa kwanza ni alamu, ambazo huruhusiwa kupita. Wa pili ni mpigaji anayerudia: kwenye Android, mtu yuleyule akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15, simu inaweza kulia, kwenye iPhone ni ndani ya dakika 3. Hapo ndipo mtu anaapa kwamba aliiweka kimya, na ni kweli aliiweka. Kwenye Android ingia Mipangilio, kisha Sauti, kisha Usinisumbue, uzime ruhusa ya wapigaji wanaorudia na ruhusa ya alamu. Humo humo unaweza kuweka ratiba: Ijumaa saa 6:30 mchana hadi saa 8:00, ijiwashe na kujizima yenyewe. Ukishaiweka mara moja huhitaji kukumbuka tena.

Programu za adhana ziangalieni kwa jicho la pekee, kwa sababu hizi ndizo hulia *ndani* ya swala kuliko kitu kingine chochote. Programu hukokotoa wakati kwa pembe ya jua chini ya upeo wa macho. Kwa Isha, mfumo mmoja hutumia nyuzi 15, mwingine 17, mwingine 18. Huku kwetu karibu na ikweta jua hushuka nyuzi moja kwa takriban dakika 4, kwa hiyo tofauti ya nyuzi 3 ni kama dakika 12. Msikiti umeshaadhini, mmeshakimu, mko rakaa ya pili, ndipo simu inaadhini. Alasiri ni zaidi: programu ikiwa kwenye hesabu ya madhehebu ya Kihanafi badala ya Kishafii, itachelewa karibu saa nzima na kuangukia katikati ya darsa. Fungua mipangilio ya programu, chagua Shafii, na sauti ya adhana uibadilishe iwe ujumbe wa maandishi tu.

---

Mwl_Madrasa

Nashukuru kwa hayo ya juu. Nami nashika la pili, kwa kuwa watu wengi huacha simu ilie dakika nzima wakiogopa kuharibu swala, na kwa kufanya hivyo wanawaharibia khushui (utulivu wa moyo kwenye swala) mamia ya wenzao.

Harakati ndogo kwa haja haibatilishi swala. Mtume, swala na salamu zimfikie, aliswali akiwa amembeba mjukuu wake Umama, akimweka chini anaposujudu na kumbeba tena anaposimama. Kwa Kishafii, ambao ndio tulio wengi pwani hii, kinachobatilisha ni harakati nyingi zinazofuatana, na kipimo chake mashuhuri ni tatu. Kupeleka mkono mfukoni ni harakati moja. Kubonyeza kwa kidole huku kiganja kimetulia hakuhesabiwi pamoja na hizo. Hata ukihesabu kuutoa mkono kuwa ya pili, bado hujafika tatu.

Kwa hiyo mfundisheni mtu namna hii. Kabla ya takbira, simu ikae mfuko wa kulia wa kanzu au suruali, si mfuko wa kifuani (wa kifuani hudondosha simu kwenye sijda), na si mfuko wa nyuma. Ikae kichwa juu, vitufe vya pembeni vielekee mbele, ili kidole kivifikie bila kuchungulia. Ikilia, mkono uingie, kidole kibonyeze kitufe cha sauti au cha kuwashia mara moja, mkono urudi mahali pake. Usiitoe. Usitazame nani anapiga. Kuitoa na kusoma jina la mpigaji ndiko kunakofungua mlango wa harakati nyingi na moyo kutoka kwenye swala.

Kwenye khutba ni tatizo tofauti. Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inasema anayemwambia mwenzake "nyamaza" wakati imamu anahutubu amefanya upuuzi. Basi msimkaripie mwenye simu kwa maneno, na huyu ndiye hukaripiwa kuliko wote! Ishara ya mkono inatosha. Na kwa Muslim imepokewa kwamba anayegusa kokoto wakati huo amefanya upuuzi vilevile. Anayepekua ujumbe kwenye simu huku khatibu yuko juu ya mimbari ajipime kwa kokoto hilo.

Daktari wa zamu, au mtu mwenye mgonjwa mahututi nyumbani, asinyimwe swala ya jamaa. Aswali safu ya nyuma pembeni mwa mlango, simu iwe kwenye mtetemo mfukoni, na kwenye Usinisumbue aruhusu namba moja au mbili tu. Ikiwa ni kuokoa maisha, hata swala hukatwa.

---

FundiSpika

Huo mngurumo bila simu kulia ni fani yangu. Ni ule wa "tri-tri-tri" unaokuja sekunde chache kabla ya simu kuita. Simu ya 2G (mtandao wa zamani, ndio wa vitochi vingi) haitumi mawimbi mfululizo, hutuma kwa vipande, mara 217 kwa sekunde, na kila kipande kinaweza kufika wati 2. Waya wa maiki unageuka antena, amplifaya inakuza vile vipande, na 217 kwa sekunde ni sauti ambayo sikio linaisikia vizuri sana. 3G na 4G hazingurumi hivyo, ndiyo maana kitochi cha imamu kinasumbua kuliko simu kubwa ya kijana. Misikiti ya zamani yenye kuta nene za mawe ya matumbawe huzidisha: mtandao ukiwa dhaifu ndani, simu hupaza nguvu ili ifike mnarani.

Dawa yake:

Imamu na khatibu waache simu nje ya mihrabu. Simu ikiwa mfuko mmoja na kisanduku cha maiki ya kubana kifuani, hakuna waya utakaokuokoa. Mita 2 zinatosha, kwa kuwa ukiongeza umbali mara mbili nguvu inashuka hadi robo. Na kuiweka kimya hakusaidii hapa, kwani simu iliyo kimya bado inaongea na mnara. Izimwe au iwekwe hali ya ndegeni.

Waya wa maiki uwe wa nyuzi mbili na ngao, wenye plagi ya pini tatu pande zote mbili. Misikiti mingi ina waya wenye pini tatu upande wa maiki na plagi ya jeki upande wa amplifaya, ambayo ni ya uzi mmoja na ngao. Huo ndio hudaka kelele. Ngao iliyokatika ndani ya plagi nayo ni sababu ya kawaida, ifungueni mkague. Waya unaobaki usiuviringishe nyuma ya amplifaya karibu na mahali muadhini anapoweka simu yake.

Jambo jingine. Wengi hucheza Qur'ani kabla ya adhana kutoka kwenye simu ya muadhini kwa waya au blututhi. Akipigiwa, mlio unapita kwenye honi za mnarani na mtaa mzima unasikia. Tumieni simu kuukuu isiyo na laini kwa kazi hiyo. Kama hakuna, wekeni hali ya ndegeni kwanza, *kisha* washeni blututhi peke yake. Na mkimaliza, ondoeni ile simu kwenye kumbukumbu ya spika, la sivyo kesho itajiunga yenyewe muadhini akiingia tu.

Kifaa cha kuzuia mtandao: hapana, katibu. Kwanza vifaa hivyo havitumiki bila kibali cha mamlaka ya mawasiliano. Pili hakijui mipaka ya ukuta wa msikiti, kitamkatia jirani anayepiga namba ya dharura 112. Tatu hakizuii alamu wala programu ya adhana, ambazo mmeambiwa hapo juu ndizo wasumbufu wakubwa. Na simu zikikosa mnara zitahangaika kuutafuta kwa nguvu zote, betri za watu zitakwisha bure.

---

Bi_Mkubwa_Tanga

Mmesahau upande wa wanawake, kama kawaida. Huku simu hupewa watoto ili watulie. Mama ameshusha sauti ya mlio, mtoto anafungua katuni, na katuni ina sauti yake kama alivyoeleza Mipangilio_TZ. Mama akimpa mtoto simu, ashushe sauti ya video hadi sifuri na aweke hali ya ndegeni, ili simu ikipigwa mtoto asipokee na kuanza kuitikia "haloo" safuni. Bora zaidi apewe tasbihi au kijitabu.

Pia mikoba. Simu ikiwa ndani ya mkoba uliowekwa ukutani, mwenyewe hawezi kuifikia kwenye swala, inalia mpaka ichoke. Mkoba ukae mbele ya miguu yake, simu mfuko wa nje. Na mtetemo kwenye vigae ni kelele tupu. Juu ya zulia au mswala hausikiki sana.

Tarawehe kuna wanaofuatilia msahafu kwenye simu taa zikiwa zimepunguzwa. Mwanga wa skrini unawapiga usoni walio safu ya nyuma. Punguzeni mwanga hadi chini kabisa.

---

KatibuWaKamati

Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Maswali mawili yamebaki. Wazee wa vitochi tuwafanyeje, na simu zinazochajiwa kwenye soketi za msikiti zikilia mwenyewe hayupo, nani aziguse?

---

Mipangilio_TZ

Wazee kwanza. Vitochi vingi, ukishikilia kitufe cha # sekunde 2 au 3, vinaingia hali ya kimya na alama inatokea juu ya skrini. Ukishikilia tena vinarudi. Siyo vyote, kwa hiyo kijana mmoja asimame sehemu ya viatu Ijumaa mbili au tatu, amwonyeshe kila mzee kwa simu yake mwenyewe, kisha ampigie palepale kuhakikisha. Amwangalizie na alamu pia, maana baadhi ya vitochi hulia alamu hata vikiwa vimezimwa. Ukiona mzee ana alamu ya saa 7 mchana ya kunywa dawa, usiifute! Muulize kwanza, kisha isogezeni hadi saa 8 ikiwa daktari wake hakupanga saa maalumu.

Za kwenye chaji: sheria iwe kwamba simu inayoachwa kwenye soketi inazimwa kabla ya iqama. Ikilia, aliye karibu abonyeze kitufe cha sauti mara moja. Hiyo inanyamazisha bila kukata wala kupokea, mwenyewe ataona aliyempigia. Asipokee simu ya mtu.

---

Mwl_Madrasa

Kuhusu bango, liondoeni mlangoni. Mlangoni mtu anatazama viatu vyake na mikono imejaa. Libandikeni anapotoka kutawadha, usawa wa macho, herufi za sentimita 2 na nusu ili zisomeke kutoka mita 3. Na lisiseme "zima simu" tu. Liandikwe hivi:

*MLIO: KIMYA. ALAMU NA ADHANA: ZIMA. SIMU: MFUKO WA KULIA. IKILIA KWENYE SWALA, IBONYEZE.*

Muadhini naye akumbushe kabla khatibu hajapanda mimbari, na si baada ya hapo.